Mwaka wa siku 445: Julius Caesar na hesabu ya siku zetu

Katika kitambulisho changu imeandikwa kwamba nilizaliwa tarehe 1 Januari. Si kweli. Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinihesabia mara nyingi: nilizaliwa siku ya tano ya mwongo wa mia na ishirini wa nairuzi, alfajiri, wakati kaskazi ilipokuwa inaanza kunusa. Lakini siku niliyokwenda kuandikishwa, fomu ya karani haikuwa na nafasi ya miongo. Aliniuliza tarehe, nikamweleza habari ya mwongo, akacheka kidogo, akaandika 1 Januari, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Jambo hilo lilinikera kwa miaka. Sikukerwa na karani tu, maana najua wako maelfu waliopewa siku ile ile kwa njia ile ile. Nilitaka kujua 1 Januari ni siku ya nani hata iwe pahali pa kutupiwa kila mtu ambaye mamake alihesabu kwa njia nyingine. Nikafuata nyayo za siku hiyo, nazo zikanifikisha Roma, mwaka wa 46 kabla ya Kristo, mlangoni kwa mtu ambaye wengi wetu tunamjua kwa kifo chake tu: Julius Caesar.

Msomaji mpenzi, sisi wa pwani tumelelewa na hesabu mbili. Chuoni, juu ya jamvi, mwalimu alitufundisha miezi ya mwandamo, kuanzia Mfunguo Mosi mpaka Ramadhani. Nyumbani, babu yangu aliyekuwa nahodha alikuwa na hesabu nyingine, ya nairuzi: siku 365 zilizogawiwa miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za kumalizia. Mwezi ulimwambia lini afunge na lini afungue, ukamwambia na bamvua litakuja lini. Haukuweza kumwambia lini kaskazi itageuka kusi. Maji hufuata mwezi, lakini pepo hufuata jua. Nahodha asiyejua hesabu zote mbili hakukabidhiwa jahazi.

Basi Warumi wa kale nao walikuwa na mzozo huo huo wa mwezi na jua, isipokuwa wao walimkabidhi jahazi asiyejua, au asiyetaka kujua.

KIJANA WA UKOO MKUBWA

Caesar alizaliwa mwaka 100 K.K., katika mwezi ambao Warumi waliuita Quintilis, yaani wa tano. Ukoo wake wa Julii ulikuwa wa kale na wenye kujigamba, ukidai asili yake ni mungu wao wa kike Venus, ingawa kwa mali haukuwa juu. Katika ujana wake alitekwa na maharamia katika bahari ya Asia Ndogo. Walipotaja fidia ya talanta 20 aliwacheka, akawaambia mtu kama yeye ni wa talanta 50. Fidia ikalipwa, akaachiliwa, akakodi vyombo, akawarudia, akawakamata na kuwasulubisha. Tayari hapo ameonekana mtu mzima atakavyokuwa: mcheshi, mwepesi, mwenye kujithamini kupita kiasi, na asiyesahau.

Mwaka 63 K.K. alichaguliwa kuwa Kuhani Mkuu wa Roma. Cheo hiki nataka tukiweke akilini, kwa kuwa ndicho kilichomkabidhi kalenda. Mwaka 59 akawa konsuli, mmoja wa wakuu wawili wa dola waliochaguliwa kwa mwaka mmoja mmoja. Kisha akaenda kupigana Gaul, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa ni Ufaransa, akakaa huko karibu miaka minane. Plutarch, aliyeandika kiasi cha miaka 150 baadaye, alitaja watu milioni moja waliouawa na wengine kama hao waliotekwa. Hata tukiipunguza hesabu hiyo, damu inabaki kuwa ni damu nyingi. Mwaka 52, mahali paitwapo Alesia, jemadari wa Wagaul, Vercingetorix, alijisalimisha kwake, akatiwa minyororo.

Januari ya mwaka 49 Caesar aliuvuka mto mdogo wa Rubicon na jeshi lake, jambo lililokatazwa na sheria, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Alimshinda Pompey, aliyepata kuwa mkwewe, huko Pharsalus mwaka 48. Pompey akakimbilia Misri na kuuawa ufukweni. Caesar akamfuata, akakuta ameshakufa, naye akakaa Iskandaria, akaingia katika ugomvi wa kiti cha enzi baina ya Cleopatra na nduguye. Cleopatra akabaki malkia, na mwaka 47 akajifungua mtoto wa kiume ambaye watu walimwita Caesarion, yaani Caesar mdogo.

Lakini Iskandaria ilikuwa na kitu kingine kuliko malkia. Ilikuwa na wanafalaki.

MWAKA ULIOPOTEA NJIA

Mwaka wa Warumi ulikuwa na siku 355. Unapungukiwa na mwaka wa jua kwa siku kumi na kidogo. Ili kuziba pengo, makuhani walipaswa kila baada ya muda kupachika mwezi wa ziada baada ya siku ya 23 ya Februari, ukaongeza siku 22 au 23. Wenye kuamua lini upachikwe ni makuhani, na makuhani walikuwa wanasiasa. Konsuli akiwa rafiki, mwaka ulirefushwa akae kitini zaidi. Akiwa adui, mwezi ulisahauliwa. Mkopo, kodi na mashauri ya mahakamani yote yalifuata urefu wa mwaka, kwa hiyo mwenye kushika kalenda alishika mifuko ya watu.

Tuliosoma chuoni tunaijua dhambi hii kwa jina lake. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa na nasii, kuahirisha miezi mitukufu ili wapate kupigana watakapo, na Kurani katika Sura ya Tawba ikaliharamisha jambo hilo. Nilipokuwa mtoto sikuelewa kwa nini kusogeza mwezi kuwe kosa kubwa hivyo. Habari za Roma zimenifahamisha. Anayesogeza mwezi anasogeza amana za watu.

Na tuseme kweli: Caesar mwenyewe alikuwa Kuhani Mkuu tangu mwaka 63, na katika miaka yake ya vita mwezi wa kupachika uliachwa mara kwa mara. Kufikia mwaka 46 kalenda ilikuwa imeliacha jua nyuma kwa siku zipatazo 90. Sikukuu za mavuno zilikuja mavuno hayajawa, na sikukuu za zabibu zilikuja zabibu hazijaiva. Aliyekuja kuutibu ugonjwa alikuwa mmoja wa waliouacha ukue.

VITA VYA AFRIKA

Mwaka 46 ulimkuta Caesar Afrika, katika nchi ambayo leo ni Tunisia. Maadui zake waliosalia walikuwa wamekusanyika huko chini ya Metellus Scipio, wakisaidiwa na Juba, mfalme wa Numidia, na ndovu wake wa vita. Tarehe 6 Aprili kwa hesabu ya Roma walipambana Thapsus. Nasema kwa hesabu ya Roma, kwa sababu kwa hesabu ya jua ilikuwa bado Februari. Ndovu waliogopa mishale na mawe, wakageuka na kuwakanyaga wenyewe. Ikawa mauaji. Askari wa Caesar walichinja hata waliokuwa wanasalimu amri, na wakubwa wao hawakuweza kuwazuia.

Katika mji wa Utica alikuwako Cato, Mrumi mgumu kama mvule, aliyempinga Caesar maisha yake yote. Alijua atasamehewa, na msamaha ndio uliomshinda. Kuukubali kungekuwa kukiri kwamba Caesar ana haki ya kuwapa watu uhai. Usiku ule alisoma kitabu cha Plato juu ya roho, kisha akajiua kwa upanga. Caesar alisikitika kwamba amenyimwa nafasi ya kumsamehe. Juba naye alikufa, na ufalme wake ukawa jimbo la Roma. Akabaki mwanawe, mtoto mchanga, naye akatiwa katika jahazi la mateka.

MAANDAMANO MANNE NA TWIGA MMOJA

Seneti ilimfanya Caesar dikteta kwa miaka kumi. Septemba ya mwaka ule akafanya maandamano manne ya ushindi: wa Gaul, wa Misri, wa Ponto na wa Afrika. Katika la kwanza mhimili wa gari lake ulivunjika, nusura aanguke mbele ya umati. Askari wake, kama desturi ilivyowaruhusu siku hiyo, walimwimbia nyimbo za kumkejeli upara wake na wanawake zake, naye akavumilia.

Vercingetorix alikuwa gerezani miaka sita akingojea siku ile tu. Alionyeshwa barabarani, kisha akauawa. Arsinoe, ndugu wa Cleopatra, alipitishwa katika minyororo, na watu wakamwonea huruma hata ikabidi asiuawe. Mtoto wa Juba akabebwa katika maandamano kama ngawira. Na zilipopitishwa picha za kifo cha Cato, umati uliguna. Alikuwa Mrumi mwenzao.

Kisha ikawa karamu. Plutarch anataja meza 22,000. Kila askari alipewa denari 5,000 na kila raia denari 100, pamoja na nafaka na mafuta. Lilichimbwa ziwa, zikapiganwa vita vya majini vya tamasha, ambavyo waliokufa humo walikufa kweli. Na katika michezo hiyo ya Caesar Warumi walimwona twiga kwa mara ya kwanza. Walishindwa kumpa jina, wakamwita ngamia-chui, kwa kuwa ana shingo ya huyu na madoa ya yule. Nimemfikiria sana mnyama yule wa Afrika, amesimama katika kelele za mji wa mawe, hajui amekosa nini.

Cleopatra alikuja Roma mwaka huo huo, akakaa katika shamba la Caesar ng'ambo ya mto Tiber. Sanamu yake ya dhahabu iliwekwa katika hekalu jipya la Venus. Watu walinong'ona. Katika mwaka huo pia Caesar alimpa Brutus, aliyemsamehe baada ya Pharsalus, ugavana wa Gaul ya upande wa Italia. Huyo Brutus tutamkuta tena.

KAZI YA SOSIGENES

Ndipo katika vumbi la karamu hizo ikafanyika kazi ambayo haikupigiwa baragumu. Caesar alimtumia Sosigenes, mwanafalaki wa Iskandaria. Misri ilikuwa na mwaka wa siku 365 tangu kale: miezi kumi na miwili ya siku thelathini, kila mwezi umekatwa makumi matatu, na siku tano za kumalizia. Msomaji wa pwani na asimame hapa kidogo. Makumi 36 na siku tano: ni umbo lile lile la nairuzi ya babu yangu, ingawa jina la nairuzi limetufikia kutoka Uajemi.

Walijua pia kwamba siku 365 hazitoshi, kwamba jua hudai kama robo siku zaidi. Mwaka 238 K.K. mfalme Ptolemy wa Tatu alikuwa ametoa amri huko Canopus ya kuongeza siku moja kila mwaka wa nne, lakini desturi ikaishinda amri. Caesar alikuwa na nguvu ambazo Ptolemy hakuwa nazo. Akaamuru mwaka wa siku 365, na siku moja zaidi kila baada ya miaka minne. Mwezi wa kupachika ukafutwa. Tangu hapo hapakuwa na haja ya kuhani kuamua chochote. Ilibaki kuhesabu mpaka nne.

Lakini kwanza ilibidi deni la zamani lilipwe. Mwaka 46 ulikwisha ongezwa siku 23 mwezi wa Februari. Sasa zikatiwa siku 67 nyingine, miezi miwili mizima, baina ya Novemba na Disemba. Jumla mwaka ule ukawa na siku 445, na haujatokea mwingine mrefu kama huo katika hesabu hiyo. Waliokuja baadaye waliuita mwaka wa mwisho wa machafuko.

Hebu fikiria. Mwenye kudai deni la mwisho wa mwaka anangojea miezi miwili ambayo haikuwako. Mama anayehesabu siku za kujifungua anaambiwa Disemba imesogea. Cicero, msemaji mkubwa wa Roma, alisikia mtu akitaja kwamba kesho nyota za Lyra zitachomoza, akajibu kwa kejeli kuwa bila shaka, maana zimeamriwa. Watu walicheka, lakini kicheko kile kilikuwa na uchungu. Waliona mtu mmoja amewashika mabega, sasa ameshika na mbingu.

Nimepima neno hilo la Cicero mara nyingi, na kila mara naona pande zote mbili zina haki. Amri ilikuwa ya mtu aliyevunja sheria za nchi yake na kumwaga damu isiyo na kifani. Na amri hiyo hiyo iliwanyang'anya wakubwa wote wa baadaye silaha ya kuchezea siku za wanyonge. Ilihitajika nguvu ya dikteta kuitoa kalenda mikononi mwa madikteta. Mimi si hakimu wa kumpima mtu wa namna hiyo. Nasema tu kwamba katika yote aliyoyafanya mwaka ule, hili moja halikumwua mtu.

SIKU ZAKE MWENYEWE

Caesar hakuimaliza miezi ile ya ziada akiwa Roma. Wana wa Pompey walikuwa wameinua vita Hispania, akaondoka kwenda kupigana kabla mwaka wenyewe haujakwisha. Kalenda mpya ikaanza 1 Januari mwaka 45 K.K., siku ambayo tangu zamani makonsuli walikuwa wakiingia kazini. Hiyo ndiyo siku aliyonipa karani.

Mwisho wake unajulikana na wengi, hasa waliosoma tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere, aliyebatizwa kwa jina lile lile la Julius, aliitafsiri kwa Kiswahili na kuitoa mwaka 1963. Tarehe 15 Machi mwaka 44, katika kikao cha Seneti, Caesar alichomwa visu mara 23. Brutus aliyesamehewa na kupewa ugavana alikuwa mmoja wa waliochoma.

Nami nimekaa na kalamu nikahesabu. Tangu 1 Januari ya mwaka 45 mpaka siku aliyouawa ni miezi kumi na minne na nusu. Siku hizo zote hazifiki 445. Yaani muda wote ambao Caesar aliishi ndani ya kalenda yake mwenyewe ni mfupi kuliko ule mwaka mmoja alioamuru urefuke. Aliweza kuliongezea taifa siku 90. Hakuweza kujiongezea nafsi yake hata moja.

ALIYOYAACHA

Mwaka aliokufa, mwezi wa Quintilis alimozaliwa ukaitwa kwa jina lake, Julai. Makuhani waliobaki walikosea hata kuhesabu mpaka nne. Waliongeza siku kila mwaka wa tatu, mpaka Augustus akawasahihisha. Jina la Caesar likawa cheo, likasafiri katika lugha nyingi. Wazee wa Tanganyika walilijua kama Kaizari, mfalme wa Wajerumani waliowatawala mpaka Vita Vikuu vya Kwanza. Hesabu ya Sosigenes ilikuwa na kosa la dakika 11 kwa mwaka, na dakika zikawa siku. Mwaka 1582 Papa Gregory wa 13 akafuta siku kumi na kurekebisha kanuni. Hiyo ndiyo kalenda iliyo ukutani mwako, ya Caesar iliyotiwa kiraka.

Na yule mtoto wa Juba aliyebebwa kama ngawira? Alilelewa Roma, akawa mwanachuoni mkubwa, akafanywa mfalme wa Mauretania, akamwoa binti ya Cleopatra, na akaandika vitabu juu ya Afrika na Arabuni. Walimleta awe wa kutazamwa, akaishia kuwa mwenye kutazama na kuandika.

Nairuzi yetu haikupata Caesar wa kuiongezea robo siku. Kwa hiyo inarudi nyuma siku moja kila miaka minne au karibu na hapo. Siku hizi huko Makunduchi, Unguja, Siku ya Mwaka husherehekewa Julai, ndani ya mwezi wenye jina la Caesar. Nikiliwaza hilo hutabasamu. Lakini tabasamu hukatika nikikumbuka kwamba pale mtaani kwetu wanaoweza kuitaja miongo kwa mpango sasa ni wachache, na wote wana mvi.

Karani yule nimekwisha msamehe. Fomu hakuichora yeye. Kitambulisho changu kitabaki na siku ya Caesar mpaka nizikwe. Lakini katika daftari langu, ukurasa wa kwanza, nimeandika kwa mkono wangu: siku ya tano ya mwongo wa mia na ishirini. Chini yake nimeandika za wanangu, nilizozihesabu mwenyewe kwa njia aliyonifundisha babu. Nawe msomaji, kama una mzee aliyebaki nyumbani, muulize leo ulizaliwa mwongo gani. Usingoje mwaka mwingine. Miaka ya siku 445 haitolewi tena.